Ribaundi ya Mia Mbili

Mimi ndiye wa meza.
Si refa, si kocha. Nina penseli mbili, kichongeo,
na daftari lenye safu kumi na nne.
Huu mwaka wa kumi na moja nakaa hapa Lugogo
nikiandika nani amefanya nini, dakika ya ngapi.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Odokonyero, aliporudi kutoka Aleksandria,
siku ya tatu alipewa kalamu:
shilingi milioni mia tatu, misimu miwili,
klabu ya kiwanda cha saruji, picha na mwenyekiti,
mwenyekiti akimfikia kwenye kiwiko.

Jukwaa zima likawa wahasibu.
Fundi viatu wa Nakawa aligawanya kwa sauti.
Yule mama wa benki, anayekuja na mto wake wa kukalia,
alisema kiwanda kingeanza na wapakiaji wake,
mwezi wa pili huu hawajaona kitu.
Nami, niliyezaliwa kambi ya polisi Nsambya,
ambako mshahara wa baba uliisha kabla haujafika,
sikuweza kujizuia. Nyuma ya daftari nikapiga hesabu:
pointi moja, laki nne.
Posho yangu kwa mechi, elfu ishirini.
Mtupo mmoja huru wa Odokonyero
ni mechi ishirini za penseli yangu,
na kila alipokosa (mwezi wa Juni alikosa sana)
nilishtuka kama mtu aliyeona sufuria ya wali ikipinduka.

Kisha goti.
Mechi sita alikaa benchi, barafu ndani ya kaveera ya maziwa.
"Saruji imeganda!" watu walicheka.
Mshahara haukuumwa goti.

Lakini niseme nilichokiona, maana nalipwa kuona.
Mugabi, miaka kumi na tisa, mikono kama vijiti vya mshikaki,
hakuwahi kufikisha pointi nane.
Jioni aliyorudi Odokonyero, akasimama tu chini ya kikapu
kama kabati lililokwama mlangoni,
Mugabi alipita ubavuni mwake, akapita tena,
akafunga ishirini na mbili.
Nikatafuta safu ya kuandika kusimama.
Haipo.

Mkataba, nilikuja kujua, una kifungu:
ribaundi mia mbili kwa msimu, nyongeza milioni ishirini.
Mechi ya mwisho daftari lilisema mia moja tisini na tisa.
Sekunde nne zimebaki, mpira ukagonga chuma, ukarudi,
msitu wa mikono juu,
nami nikaandika: Mugabi.

Taa zilikuwa zikizimwa safu kwa safu alipokuja mezani.
Hakuinama. Mtu mrefu vile akiinama huonekana anaomba.
"Ile ya mwisho umempa nani?"
Penseli ilikuwa mkononi. Upande wa pili ina kifutio.
Penseli nzima hununuliwa kwa shilingi mia tano.
Nikasema, "Niambie wewe."
Alikitazama kikapu kitambo, kama mtu anayesoma bei dukani.
"Aliyeushika ni yeye," akasema.
"Mimi nilishika mgongo wa mtu."
Akashuka ngazi moja moja, ukuta ukimsaidia.

Nje, Sserunjogi wa roleksi alikuwa na swali lake la kila Ijumaa:
"Haya, dada wa meza, yule mtu anastahili zile pesa?"
Kugawanya najua. Tangu kambini najua.
Nikamwambia aweke mayai mawili, nyanya asizikaushe.
Nikampa noti ya elfu kumi.
Chenji niliihesabu mara mbili,
na mara zote mbili ilitoka tofauti.